Waliompata Kabla ya Kaka Yake

Fundi Pazia alikuwa mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mzito. Ukimletea kitambaa asubuhi, jioni unatundika pazia, na mikunjo yake imelala utadhani ilizaliwa hivyo. Jina hilo walimbandika wateja, likamkaa mpaka mama yake mzazi akawa analitumia kwa utani kila akipiga simu: "Fundi Pazia, umekula, au umemeza pini?"

Alikuwa na kibanda cha mabati pembeni ya soko na cherehani mbili. Mambo yalianza kwenda kombo pale tajiri mmoja alipompa kazi ya mapazia ya hoteli mpya, vyumba vyote. Ila tajiri hakutoa hata senti ya kuanzia. Alisema atalipa kwa mpigo siku ya kufungua milango. Fundi akakopa kwa simu ili anunue vitambaa. Simu ikamuuliza: ruhusu tuone namba ulizohifadhi? Akabonyeza ruhusu. Ruhusu tusome ujumbe wako? Ruhusu. Alibonyeza huku anabishana bei na mteja, kama mtu anayefukuza nzi, na hela ikaingia kabla ubishi haujaisha.

Hoteli ikafa kabla ya kufunguliwa. Tajiri akayeyuka, walinzi wakabaki getini wanadai mishahara yao, na mapazia yakabaki yananing'inia kwenye vyumba vilivyopigwa makufuli. Fundi alikwenda pale kuulizia mpaka mlinzi akawa anamkaribisha kiti. Deni nalo halikulala. Liliumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kwanza alipiga binti wa kampuni ya mkopo, mwenye sauti ya upole. Baadaye akaja mwanamume aliyemtaja kwa majina yake yote matatu, taratibu, kama anayesoma hukumu. Fundi aliomba muda, akapewa. Akaomba tena, akachekwa. Akaanza kuiacha simu iite mpaka inyamaze yenyewe.

Ndipo zikaanza kuita simu za wenzake. Muuza vitambaa alipigiwa. Mwalimu aliyemfundisha ushonaji zamani alipigiwa. Hata kinyozi wa jirani, ambaye namba yake aliihifadhi kwa sababu ya kuazima ngazi tu, alipata ujumbe: "Mwambie huyo mwizi alipe." Mwanamke mmoja waliyesoma pamoja, ambaye hawakuwa wamesalimiana miaka nenda rudi, alipiga kuuliza kama ni kweli ametoroka na hela za yatima. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijaguswa, wanaangalia chini, wanasema wamebadili mawazo.

Akauza cherehani zote mbili, akapunguza deni. Riba ikalirudisha pale pale hata hajapumua. Basi akafunga kibanda, akahamia mji mwingine, akaivunja laini yake ya simu kwa meno. Namba mpya ilijulikana kwenye nyumba moja tu, ya mama yake, alikoishi pia kaka yake mkubwa.

"Asiijue mtu, mama."

"Nimtajie nani, mwanangu? Kuku?"

Kule alipata kazi kwenye karakana ya sare za shule. Chumba kirefu, madirisha ya juu, cherehani zimepangwa safu mbili, na vumbi la nyuzi limetanda kila mahali mpaka kwenye nyusi za watu. Hapakuwa na aliyemjua. Akaanza kulala usingizi wa kueleweka.

Asubuhi moja msimamizi alitoka ofisini kwake ameishika simu mbele kama mtu aliyebeba panya kwa mkia. Akasimama katikati ya safu, sauti ikiwa imefunguliwa. Ilikuwa ile sauti ya majina matatu.

"Yupo hapo kwako, bosi? Mwambie asiwashonee watoto wa watu nguo huku anakula hela za watu."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Fundi aliendelea kukanyaga ya kwake, sindano inapiga juu ya kitambaa kilichokwisha zamani, kwa sababu hakujua afanye nini na miguu yake.

Mchana, binti aliyekuwa akishona vifungo alikuja akakaa naye juu ya robota la nguo. Alimega mkate wake, akampa nusu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nilishafanya kazi kwenye ofisi kama hiyo. Niliacha, nilikuwa siwezi kula."

"Wamenipataje? Laini si yangu ya zamani. Mji si wangu."

"Wewe hawakutafuti wewe. Siku ile ulipokopa, simu yako iliwapa kila mtu uliyemhifadhi, na meseji zikawaonyesha unaongea na nani sana. Sisi tulikuwa tunawapanga. Wa juu kabisa karibu kila mara ni mama. Unampigia mmoja, anakudokeza neno. Unalibeba hilo neno kwa wa pili, anakuona wewe ni wa ndani. Ukishapewa namba, unajifanya unaitumia hela kidogo, jina la mwenyewe linatokea, unasitisha. Kwisha."

"Mama yangu nilimkataza."

Binti alitazama mkate wake. "Mwenye deni anajificha, dada. Mama yake hajifichi."

Fundi alitoka nje, akasimama kando ya pipa la vipande vya vitambaa, akapiga.

"Mama, kuna mtu amekupigia?"

"Eeh! Yule mhasibu wa hoteli. Kijana ana adabu! Kanisalimia, kaniuliza na mgongo. Anasema hela zako za mapazia zimepatikana, wanakutafuta wakulipe. Anajua mpaka yalikuwa rangi gani. Nikampa namba, nikamwelekeza na hapo kazini usije ukapitwa. Wamekulipa?"

Rangi za mapazia alizijua muuza vitambaa. Fundi aliona njia yote waliyopita, mtu kwa mtu, na mwisho wake ameketi mama yake, ana furaha kwamba ameleta heri. Lakini kilichomtoka mdomoni hakikuwa hicho.

"Umeniuza, mama. Umeniuza kwa salamu."

"Mwanangu, alinijulia hali..."

"Basi hutanisikia mpaka haya mambo yaishe."

"Sasa nikikuhitaji?"

Akakata.

Msimamizi hakumfukuza siku hiyo; alimlipa wiki yake kwanza, ndipo akamwachisha kazi, akisema hataki ofisi yake igeuzwe mahakama. Fundi akapanga chumba kidogo nyuma ya ghala moja, akawa anapinda mikunjo ya sketi kwa mkono. Kazi hiyo alikuwa akiletewa kila Jumamosi na yule binti wa vifungo, aliyemwonea huruma. Laini akabadilisha tena. Namba alikuwa nayo binti peke yake.

Alijiambia atampigia mama hasira zikipoa. Hasira zilipoa, aibu ikapokea zamu. Mara nyingi aliandika namba ya mama yake kwenye simu, tarakimu zote, kisha akazifuta moja moja.

Mama alianguka uani akianika nguo. Kaka yake alimkimbiza hospitali, kisha akaanza kumtafuta dada yake. Laini haipatikani. Alipopiga karakana, msimamizi akasema alishaondoka na hajui alikokwenda. Akawauliza watu wa sokoni, hakuna aliyejua. Mama alipokuwa akizinduka alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kama Fundi Pazia amepiga. Ndipo kaka mtu akafanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kulisimulia: alitafuta kwenye simu ya mama namba ya yule "mhasibu", akampigia.

"Nyinyi mnajua kumtafuta dada yangu," alisema. "Nitafutieni. Mama anaondoka."

Yule mtu akasema, "Ngoja."

Kabla ya jua kuzama alikuwa amemfikia binti wa vifungo kupitia simu ya karakana, kwa kuulizia nani alikuwa akila naye mchana. Binti alizijua hila zote za ofisi zile, hospitali na misiba ya uongo vikiwemo. Lakini aliwaza, na kama ni kweli? Akatoa namba.

Fundi alikuwa na sketi magotini simu ilipoita.

"Usikate," ilisema ile sauti, na safari hii haikutaja majina matatu. "Mama yako yuko hospitali. Kaka yako ndiye kanituma."

Fundi aliisukuma sketi pembeni. "Mmeshamfanya mama yangu mjinga. Sasa mnamlaza na kitandani?"

"Dada, nisikilize, leo sidai..."

Alizima simu, akaitoa laini, akaivunja. Akarudi kwenye sketi yake. Kaka alipopewa namba ile na kuipiga, haikupatikana.

Jumamosi binti alifika na furushi la kazi. Hakuliweka chini.

"Ulimpigia kaka yako?"

Fundi alimtazama. Binti akampa simu yake mwenyewe. Fundi akapiga namba ya mama, aliyokuwa anaijua kwa kichwa, na aliyepokea alikuwa kaka yake.

"Mpe mama," alisema.

"Tulimzika juzi."

Alisafiri kwa basi la usiku huo huo na furushi la sketi za watu mapajani, maana hakukumbuka kuliacha. Kaka yake alimpokea mlangoni, akamtengea maji ya kuoga, akamwonyesha kaburi. Hakumfokea. Kama angemfokea, huenda pangekuwa na pa kushikia. Walipokuwa wamekaa uani, kamba ya nguo iko tupu juu ya vichwa vyao, alisema neno moja tu.

"Wale walikupata jioni ile ile. Mimi ndugu yako nilishindwa."

Fundi alikaa pale siku kadhaa, akazimaliza zile sketi, akarudi mjini akazipeleka karakana. Hajahama tena, na laini hajabadilisha. Simu ikiita, namba yoyote, anapokea mlio wa kwanza. Wanamtukana, anawasikiliza mpaka wamalize.