Siku Nilipohamishiwa Kawangware

Siku niliyoambiwa kwamba nilihamia Kawangware, kule steji ya 46, nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu Soweto West, Kibera, nikimnywesha uji mtoto wa mtu. Simu ikalia. Msichana wa kaunti, kwa adabu kabisa, akaniambia ombi langu la leseni limekwama kwa sababu nilihama. Nikamwambia sijahama. Akasema ofisi imethibitisha. Nikaangalia sufuria, nikaangalia watoto waliolala kwenye mkeka. Wote walikuwa pale.

Nieleze kidogo. Kuna sheria mpya: ukitaka kulea watoto wa watu kwa malipo, lazima uwe na leseni, na kabla ya leseni wanakuchunguza. Hilo silipingi hata kidogo. Mtu anakuachia mtoto asiyejua hata kusema, halafu serikali isiulize wewe ni nani? Nikaenda kupimwa kifua na damu, nikatoka mzima. Nikaenda kutafuta cheti cha good conduct, nikachukuliwa alama za vidole vyote, na polisi wakaandika kwamba hawana lolote juu yangu. Miaka yote hiyo Nairobi, hakuna lolote. Niliumia kidogo.

Kilichobaki kilikuwa majirani. Afisa huja bila kukuambia, anawauliza kama wanakujua na una tabia gani. Ukianguka hapo, chumba kinafungwa. Na chumba kikifungwa, wale kina mama wanaoenda kufulia watu nguo kwenye maghorofa watarudia walichokuwa wakifanya zamani: kumfungia mtoto ndani kwa kufuli na kumwomba Mungu mpaka jioni.

Afisa alikuja kweli. Alianzia kwa mama wa chapati pale kona, rafiki yangu wa tangu zamani. Akauliza kwa jina langu la kitambulisho, faili kwapani. Sasa, huku kwetu mtu wa faili ni wa kukata stima au wa kubomoa. Hajawahi kuja wa tatu.

"Huyo? Alihama," rafiki yangu akasema.

Angeachia hapo. Lakini yeye hapendi kazi nusu. "Alienda Kawangware. Huko 46."

Fundi wa viatu anayekaa kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akaongeza: "Na vitu vyote. Mimi mwenyewe nilimbebea kitanda."

Afisa, msichana wa watu, akaenda mpaka Kawangware. Kule akamuuliza mwenye ploti mmoja, naye akaangalia lile faili, akafikiri, akasema: "Alikuwa hapa. Amerudi kijijini kwao, ushago." Mimi sijawahi kulala Kawangware hata siku moja.

Nilimfuata mama wa chapati nikiwa moto.

"Wewe! Ulinihamisha?"

"Mathe, tulia. Tulikuwa tunakulinda."

"Kutoka kwa nani?"

"Si alikuwa na faili!"

"Na kitanda nilikibeba poa," fundi akasema. "Hakikugusa ukuta."

Ningewatukana vizuri, maana mimi nina mdomo, sikatai. Lakini mwaka jana watu wa stima walipomtafuta huyo fundi, mimi ndiye niliyesema ameenda Mombasa. Tunaishi hivyo. Nikawaambia wavae nguo safi, kesho tunaenda ofisini.

Afisa alikuwa msichana wa rika la binti yangu. Aliwaangalia wale wawili, akaniangalia mimi.

"Hawa ndio walisema ulihama."

"Tulikosea," mama wa chapati akasema.

"Sasa niwaamini lini? Siku ile au leo?"

Nilimkasirikia yule msichana sana, kwa sababu alikuwa anasema ukweli. Halafu akasema kuna mtu mmoja tu aliyemwambia kwamba nipo, akamwonyesha hata mlango. Hakumwamini, kwa sababu wengine walimpinga, na pia kwa sababu mtu huyo alinisema vibaya sana. Kama nataka leseni, nimlete huyo.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ni jirani yangu wa ukuta. Tuligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo, na tangu hapo tukikutana kwenye maji kila mtu anaangalia mtungi wake. Nilibisha hodi kwake. Alikuwa akikata sukuma wiki. Hakusimama.

"Utasema nini ukienda?" nikamuuliza.

"Nitasema ninachojua."

Jibu hilo halikunisaidia chochote. Njia nzima kwenda ofisini hatukuongea.

"Unamfahamu huyu?" afisa akamuuliza.

"Vizuri sana."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ana kiburi. Ana mdomo mrefu. Alitupa shuka langu kwenye matope."

"Lilianguka!" nikasema.

"Mama, nyamaza," afisa akaniambia. "Na watoto je?"

Nikawaona wale kina mama na kufuli zao. Nikasema moyoni, basi, imeisha.

"Kati yangu na yeye ni bati moja," akasema. "Kila kitu nasikia. Hajawahi kumpiga mtoto. Wakikataa kula, anawabembeleza mpaka mimi ndiye ninayechoka. Mtoto wangu alipoaga dunia, sikuweza kuvumilia kuwasikia wale wa kwake. Nilitaka ahame. Nikatafuta la kugombania, nikapata kamba." Akavuta leso yake begani. "Wangu angekuwa hai, ningempeleka kwake. Andika hivyo."

Afisa akaandika. Mimi nililia pale pale kwenye kiti cha serikali, kamasi na yote. Matanga ya mtoto yule nilikaa naye, nikapika chai, nikaosha vikombe. Ugomvi ulianza baadaye kidogo, na mimi mwenye mdomo sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni kamba.

Leseni nilipata. Tulirudi pamoja kwa miguu, yeye mbele kidogo. Tulipofika kwenye milango yetu nikamwambia kwamba nitahamisha mkeka, watoto walale upande ule mwingine wa chumba, mbali na bati lake.

"Waache hapo," akasema, akitafuta ufunguo. "Siku hizi shida yangu ni Jumapili, wakiwa hawapo."