Nilimwambia Fundi Aseme Gari la Marehemu Baba Mkwe Limekufa

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi tusalimiane tu. Nakuomba jina langu ulifiche kabisa. Mume wangu hayumo kwenye ukurasa huu, lakini mashemeji zangu wamo.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mwalimu wa shule ya msingi huku Kilwa. Nina mume na watoto watatu. Mume wangu si mlevi, hanipigi, na sijawahi kusikia ana mwanamke nje. Ana gari.

Ni pikapu kuukuu ya Kimarekani aliyoachiwa na baba yake. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa padri mmoja kule Kipatimu. Padri aliporudi kwao akamwachia gari, na kwa miaka mingi watu wa milima ile walilitegemea hilo hilo. Lilibeba wagonjwa, likabeba maharusi, likabeba maiti. Mpaka leo tukipita huko wazee wanasimama kando ya njia, "Hilo si gari la mzee?" Mume wangu anashusha kioo, anawaamkia mmoja mmoja, uso unamng'aa. Baba yake kabla hajafa alimshika mkono akamwambia, "Hili usiliuze." Basi.

Ukimsikia anavyosimulia habari za kampuni iliyolitengeneza utadhani alizaliwa ndani ya kiwanda. Mara wakulima wa Marekani walibebea ngano, mara huko babu humrithisha mjukuu. Yumo kwenye kundi la Wasapu la wenye magari hayo. Kuna anayesema lake tangu alinunue halijafunguliwa injini, na kuna anayelia kwamba linakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi na spea anaisubiri miezi. Mume wangu ananisomea maneno ya yule wa kwanza. Ya yule wa pili nayasoma mwenyewe akiwa bafuni.

Nisiwe mwongo, limetufaa. Kuna mwaka mvua ilikata barabara, jirani yetu akashikwa na uchungu, na magari madogo yote yamenasa kwenye tope. Lile likapita. Likamfikisha hospitali, akajifungua salama, mtoto akapewa jina la mume wangu. Lakini kwa safari moja kama hiyo kuna kumi za kusukuma. Nimelisukuma nikiwa na mimba, nimelisukuma na nguo za Idi.

Masika iliyopita tulikwenda Kipatimu kumchukua mama mkwe aje kliniki ya presha. Wakati wa kurudi likazima mlimani. Mume wangu akafungua boneti, akasema, "Dakika tano tu." Adhuhuri ikapita, mvua ikaanza, mama akabanwa na haja. Nikamshika mkono tukashuka. Kwenye utelezi miguu ikamponyoka, tukaanguka wote wawili. Mimi niliinuka. Yeye nyonga ilivunjika, na hajatembea tena mpaka leo. Yuko chumba cha pili hapa nyumbani. Namwogesha, namgeuza, namlisha, ndipo niende kufundisha. Siku ile ile, mama yake analia kwa maumivu, mume wangu alisema neno ambalo halijanitoka moyoni: "Gari halina kosa, barabara ndiyo mbovu."

Miezi miwili iliyopita likazima tena, likavutwa mpaka gereji. Nikamtangulia mume wangu kwa fundi.

"Fundi, mwambie limekufa."

"Mwalimu, hili gari ni zima. Linataka pampu ya mafuta tu."

"Nakuomba. Mwambie injini imepasuka, haifai tena."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, katikati ya matairi. Akakubali bila kunitazama.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilidhani mume wangu atafoka, atatafuta fundi mwingine. Hakufoka. Alirudi, akanawa mikono, akakaa mkekani, chakula hakugusa. Majirani wakaja kumpa pole kama tuliofiwa. Tangu hapo ni salamu tu na "sawa". Kundi la Wasapu amejitoa. Mtoto wetu mdogo ananiuliza, "Mama, baba anaumwa nini?" Namjibu amechoka.

Nilishindwa kuibeba siri hii peke yangu, nikamweleza mama mkwe siku moja nikimwogesha. Nilitegemea anilaani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Gari lile lilikuwa mke mwenzangu maisha yangu yote ya ndoa," akasema. "Nyamaza, mwanangu. Ukisema, atalifufua."

Nikanyamaza. Kumbe mume wangu amekwisha kukubaliana na watu wa vyuma chakavu, wanakuja kulikata Jumamosi. Juzi fundi akanipigia simu. "Mwalimu, kazi yangu ni kufufua magari. Siwezi kusimama nikitazama gari lililo zima linakatwa. Kama husemi wewe, Ijumaa nasema mimi."

Na jana, nikiwa napepeta mchele, mume wangu akaja akakaa karibu yangu. Muda mrefu hajakaa karibu yangu. Akasema taratibu, "Mama watoto, Jumamosi twende wote gereji. Sitaki kuliaga peke yangu."

Nikamjibu, "Sawa, tutakwenda." Nikaendelea kupepeta, mchele wenyewe siuoni.

Ndugu zangu, najua nimekosa, mtakaonitukana sitawajibu. Ila nimechoka, tena nimechoka sana. Nikisema, atajua kwamba miezi miwili hii ameomboleza uongo wangu, na mimi nilikuwa nampa pole pamoja na majirani. Nikinyamaza, fundi atasema, na hapo sijui nitamtazama mume wangu kwa macho gani. Leo ni Jumatano. Kama ni kusema, nianze na neno gani? Nishaurini, nitasoma kila mtakachoandika.