Alama ya Krismasi

Mdogo wangu alikuwa na huzuni isiyomwachia, na juu yake ulevi wa gongo. Mshauri wa hospitali, mjini Moshi, alimpa daftari: kila siku afanye jambo moja dogo, aliandike, kisha aupe moyo wake alama kati ya kumi. Nilicheka kwa dharau. Mtu mzima anapewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la pili!

Lakini aliifanya. Alikata majani ya ng'ombe, akajipa mbili. Alisafisha migomba, akajipa nne. Miezi mitatu hakugusa gongo.

Krismasi tukakusanyika nyumbani Kilema, ukoo mzima. Kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja anapiga funda na kumpa aliye jirani. Ilipomfikia, akanipa mimi bila kunywa. Baba mdogo akageuza uso. Kwetu, kuikataa kata ni kuwakataa walioishika kabla yako. Nikaona aibu, na aibu yangu huja na hasira.

“Usituaibishe,” nikamwambia, nikimrudishia. “Mbege siyo pombe, ni chakula.”

Akanitazama, akanywa. Kabla ya mwaka mpya alikuwa amerudi kwenye gongo. Pasaka tulimzika pale kihambani, shambani kwetu, katikati ya migomba aliyoisafisha.

Daftari ninalo mimi. Mstari wa mwisho ni wa Krismasi ile: “Nimekunywa ili kaka asione aibu.” Alama hakuweka.