Jioni Niliyokataa Kugonga Bati

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa nikatolewa shule darasa la pili. Nasema hivyo mapema ili mtu asidai nimesoma kisa hiki mahali. Mimi sisomi. Yalinipata mwenyewe, Homa Bay, mwaka wa 1997.

Niliuza ng'ombe watatu nikanunua kompyuta kuukuu ya biashara ya kutaipu barua. Kutaipu sikujua, niliajiri msichana. Lakini ndani mlikuwa na mchezo wa karata, na huo hautaki Kiingereza. Nyekundu juu ya nyeusi, basi. Ukishindwa haukucheki, unakugawia upya. Niambie, ni binadamu gani hufanya hivyo?

Sisi watu wa ziwa tunawajua nyawawa, pepo wanaopita jioni na upepo wa ziwani. Wakija, kila nyumba hugonga bati na sufuria ili wapitilize. Jioni moja msichana alishaenda kwao, na mji mzima uligonga. Mimi sikugonga. Nilikuwa nimebakiza karata nne nishinde.

Kelele zilipoisha, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Weka ile tisa hapo, omera, ndugu yangu."

Nikaweka, nikashinda. Nilidhani ni mteja. Nikataka kugeuka, shingo ikakataa. Kwenye kioo cha kompyuta nilimwona: mtu aliyelowa chapachapa, na mvua hatukuwa tumeiona wiki tatu.

"Gawa tena."

"Nafunga. Rudi kesho."

"Utafunga vipi? Kila nyumba imetufukuza. Wewe peke yako umetukaribisha. Gawa!"

Mkono wangu wa kulia ukagawa wenyewe. Amini usiamini, nilishinda mara sita mfululizo, na kila nikishinda baridi ilipanda: kiganja, kiwiko, bega. Yeye anacheka tu. "Ikifika moyoni, tunaondoka wote."

Mke wangu, nyar Mfangano, binti wa kisiwa hicho, akaja kuniita chakula. Akasukuma mlango, haukufunguka.

"Wuon Achieng', baba Achieng' wewe, umeoa hiyo kompyuta?"

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

"Haya, kula karata!" Akaenda zake.

Hapo nikajua hakuna wa kunigongea. Mkono wa kushoto ulikuwa bado wangu, na chuma cha karibu kilikuwa kimoja tu: sanduku la kompyuta. Ng'ombe watatu! Nililigonga kwa ngumi, nikaligonga, hadi kioo kikazima na damu ikanitoka. Nyuma yangu pakawa kimya. Sakafuni palikuwa na maji.

Kompyuta haikuwaka tena. Nilihamia Rongo, nikaanza upya na mashine ya kusaga mahindi.

Siku hizi mjukuu ameniwekea mchezo uleule kwenye simu. Michezo yao mipya ya bunduki siitaki, inakukimbiza kama askari. Karata hainikimbizi. Bado ni tamu, sitadanganya. Lakini nacheza mgongo ukiwa ukutani. Nawe, ukisikia majirani wote wanagonga, inuka ugonge, hata kama umebakiza karata moja.

Leo nina mashine mbili za kusaga, ploti moja Rongo, ng'ombe kumi na mmoja, mke yuleyule, watoto sita, na mkono wa kulia usiohisi joto la chai.