Siku Niliyoleta Baridi Wakati wa Kukata Nyasi

Hawa watawa hawachoki kuomba. Walishaichukua hadithi ya mume wangu wakaiandika kwenye ngozi za ndama, sasa wanataka nimwandike na yeye mwenyewe, kwa kuwa hawakumtaja popote. Herufi nilifundishwa na kaka yangu kasisi, za kutosha tu. Nitakazokosea, zisomeni hivyo hivyo.

Mume wangu Tegwared alikuwa mchunga kondoo. Mguu mmoja mfupi, sauti nene kuliko mwili. Alirithi kwa babu yake kisa cha Farasi wa Jiweni, yule aliye ndani ya mwamba juu ya bonde letu, na hakuna mwingine aliyebaki nacho. Alikuwa na mwiko: kisa hakisimuliwi mpaka baridi ianze, kondoo wakishashuka mlimani. Ukikisimulia jua likiwaka, farasi atasikia atoke.

Mwaka ule kifua kilimbana. Siku za kukata nyasi zilipofika, jua likiwa kali, alikuwa hanyanyuki. Akaja Ndugu Ieuaf, mtawa mwandishi, na kalamu zake za unyoya.

"Baba Tegwared, nisimulie kisa nikiandike."

"Rudi baridi ikianza."

"Baba, baridi ikianza..." Akaniangalia mimi.

"Nitakuwa nimekufa. Sema tu, kijana. Lakini mwiko ni mwiko."

Mkaidi yule! Halafu watu wanasema mkaidi ni mimi.

Kesho yake nikaileta baridi. Nikaziba dirisha kwa majani makavu, nikawasha moto mkubwa, nikamvika joho la sufu, nikaingiza kondoo watatu ndani kama tufanyavyo theluji ikianguka. Nikachemsha nyama ya chumvi. Ndugu Ieuaf nikamzungushia blanketi. Jasho likamchuruzika mpaka puani.

"Mama Hunydd, nitayeyuka."

"Yeyuka kimya kimya."

Tegwared akafumbua macho. Akatazama kondoo, akatazama moto, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Alijua. Hakuwa mjinga.

"Baridi ya mwaka huu imewahi," akasema.

"Imewahi. Sogea nikufunike miguu."

Akanishika mkono, akaanza kusimulia.

Mara nikasikia jirani yetu Goronwy anakuja mbio, anapiga kelele: "Hunydd! Nyumba yenu inaungua!" Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Haiungui. Nyamaza."

"Moto wa nini na jua lote hili? Umepata wazimu?"

"Ndiyo. Kaa hapa, na wengine wakija uwaambie hivyo hivyo."

Tukakaa tumeegemea mlango. Goronwy alipoisikia ile sauti ndani, alivua kofia. Baadaye sana Ieuaf akatoka, mwekundu kama nyama mbichi.

"Chote, mama. Mpaka mwisho."

Tegwared alifariki siku ya tisa baada ya hapo.

Sasa hili sitalirudia. Mwisho wa kile kisa siujui. Miaka thelathini na sita, kila baridi, nililala kabla hajaufikia, mkono wake ukiwa nyweleni mwangu, na asubuhi niliona haya kumuuliza. Siku ile nayo nilikuwa nje. Ieuaf sikumuuliza, mke wa msimuliaji ataulizaje? Kitabu kiko kwa watawa, na mwanamke havuki lango lao. Wewe unayesoma haya unaingia humo. Kisome, kisha panda huku uniambie, kuanzia pale farasi anapofika mtoni. Nitakalia kigoda kigumu, nisisinzie. Wewe njoo tu.