Salamu za Mzee wa Stoo

Kazini walimwita Chapchap, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mmoja wa watu watatu wa Dawati la Msaada katika mamlaka ya maji, chumba cha ghorofa ya pili chenye kiyoyozi kinachovuja na ndoo chini yake. Ndiyo, mamlaka ya maji, na maji yaliwashinda hapo hapo ndani. Kompyuta ya mtu ikigoma, mtandao ukikatika au printa ikitafuna karatasi, mwenye shida hakuruhusiwa kupiga simu wala kuja kugonga mlango. Aliandika shida yake kwenye mfumo, shida ikawa tiketi, tiketi ikapewa namba, saa ikaanza kuhesabu. Ikiwa ya kijani, shwari. Ikigeuka njano, kuna mtu anauliza. Ikifika nyekundu, mkuu wa kitengo anatoka ofisini kwake miwani mkononi, na hakuna aliyependa kumwona akiwa na miwani mkononi.

Kila Ijumaa mkuu alibandika ukutani karatasi ya nani amefunga tiketi ngapi. Chapchap alikuwa juu daima. Alikuwa mwepesi kweli, hilo tusimnyime. Lakini pia alijua kufunga tiketi ambayo shida yake haijaisha. Unaandika "tatizo limetatuliwa", unafunga, na mwenye shida akiona bado atafungua nyingine, nayo unaifunga. Shida moja, tiketi mbili, sifa zako. Wenzake nao walifanya hivyo, ila si kwa bidii kama yake.

Alikuwa na sababu zake. Alitoka kwenye kibanda cha kutengeneza simu, kazi ya leo kupata kesho kukosa, na hapa alikuwa na mkataba wa muda tu. Mkuu alikuwa amemdokeza kwamba jina lake limepelekwa juu ili aajiriwe moja kwa moja. Mama yake, mshonaji, alishaanza kuwatangazia wateja wake. Baba yake, dereva wa malori aliyestaafu, hakumtangazia mtu, ila siku hizi aliamka mapema kumpigia pasi blauzi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu yeyote, mkewe akiwemo.

Sasa, kule nyuma ya karakana kulikuwa na Mzee wa Stoo. Huyu ndiye aliyetoa mabomba, koki, viungio na mita kwa mafundi wanaokwenda kazini, na kila kilichotoka lazima kitoke na hati iliyochapwa. Watu wa kawaida waliandika tiketi kama mtu anayekimbia mvua. Mzee aliandika hivi:

"Habari za asubuhi, vijana wangu. Natumaini mmeamka salama pamoja na familia zenu. Poleni na majukumu. Mimi huku stoo sijambo, ila mgongo kidogo. Baada ya salamu, naomba kuwajulisha kwamba printa imekataa kutoa karatasi. Nimeibembeleza lakini wapi. Ni mimi mzee wenu wa stoo. Kazi njema."

Dawati zima lilizisubiri tiketi zake ili licheke. Chapchap alizisoma kwa sauti, akiweka mkono kiunoni na kukohoa kizee, na Waya, yule kijana mrefu wa kutandaza nyaya, alikuwa akilala juu ya meza kwa kicheko. Hakuna aliyejiuliza mzee amekosa nini.

Mfumo ule ulikuwa na visanduku viwili vya kuandikia. Kimoja ni cha jibu kwa mwenye shida, na kila jibu lilikwenda kwa jina la Dawati la Msaada, si la mtu. Cha pili kilikuwa cha maelezo ya ndani, yanayosomwa na watu wa dawati peke yao. Humo ndimo walimopigiana umbea. Cha ndani kilikuwa na rangi ya manjano na cha nje kilikuwa cheupe, na tofauti hiyo ilitosha kwa mtu anayetazama anachofanya.

Asubuhi moja tiketi kama hiyo ilipoingia kutoka stoo, Chapchap alitabasamu kabla ya kuimaliza. Akaandika haraka haraka: "Jamani, barua ya posa imefika tena. Nani atamwambia huyu babu kwamba tumeuliza habari za printa, si za mgongo? Mgongo wake utainuliwa na kiinua mgongo, sisi si wakandaji. Mwacheni asubiri, huyo hana haraka, anangoja kustaafu tu." Akabonyeza. Akageuka kumwangalia Waya, aone kicheko kinavyoanza.

Waya hakucheka. Kwenye skrini yake hakikuingia kitu.

Chapchap akarudi kwenye skrini. Kisanduku kilikuwa cheupe. Chini yake kulikuwa na maneno ya kijani, safi kabisa: ujumbe umetumwa kwa mteja.

"Waya," alisema. "Hii inafutwaje?"

Waya alikuja akainama nyuma yake, akasoma. Alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Haifutiki hiyo, dada. Ikishakwenda imekwenda."

Kisha kikatokea kile kialama kidogo cha jicho, kumaanisha kwamba mwenyewe amefungua na kusoma. Chapchap alihisi masikio yanawaka moto. Akilini alimwona mzee ameegemea kompyuta yake kule nyuma, miwani puani, akifuata mstari kwa kidole kama wazee wanavyosoma, akiwa na hamu ya kujibiwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na kwa kuwa ardhi haikupasuka, alifanya kile mkono wake ulichokizoea. Aliandika "tatizo limetatuliwa" na kuifunga tiketi, ili angalau isimtazame.

Kutwa nzima alingoja miwani ya mkuu. Jibu halikuwa na jina lake kwa mzee, lakini mkuu akitaka kujua nani kaandika, mfumo ungemwambia mara moja. Kila mlango ulipofunguliwa moyo ulimlipuka. Tuseme ukweli: siku ile hakumwonea huruma mzee hata kidogo. Aliionea huruma ajira yake.

Jioni, mezani kwao, ilimshinda kukaa nayo.

"Kuna mtu kazini kwetu," alisema, macho kwenye sahani, "kamwandikia mzee mmoja maneno mabaya. Kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya vipi?" mama yake akauliza. "Mkono uliteleza ukaandika wenyewe?"

"Aliwaandikia wenzake, mama. Yakamfikia mzee."

"Ahaa. Kwa hiyo bahati mbaya ni kwamba mzee alijua." Mama alicheka kicheko kikavu. "Huyo mtu hana mama?"

"Anaye."

"Basi maskini mama yake."

Baba alikuwa akitafuna taratibu. Alipomeza ndipo akauliza, "Na huyo mzee alikuwa na shida gani?"

"Printa."

"Ikatengenezwa?"

"Bado."

"Na huyo mtu ameshaomba radhi?"

"Ataomba," alisema Chapchap. "Kesho."

Angeweza kusema "ni mimi", maneno mawili tu, na mama angefoka, baba angetikisa kichwa, na jambo lingekuwa na mwenyewe. Badala yake aliondoa vyombo mezani na kuviosha vyote peke yake, hata mama akashangaa.

Kesho ilifika, naye akajipa kazi nyingi. Keshokutwa akasema mzee huenda hakuelewa. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na malalamiko hayakuja. Hakuna aliyeitwa, hakuna miwani. Na kutoka stoo haikuja tiketi hata moja. Chapchap alianza kupumua. Ukimya ule ulimwingia kama nafuu, na alijiambia yamekwisha, ingawa kila alipotaka kwenda karakana alizunguka kwa mlango wa mbele ili asipite dirisha la stoo.

Kwenye kikao cha kitengo mkuu alikuwa na furaha. "Hata stoo wametulia siku hizi," alisema. "Hiyo ndiyo kazi. Na barua ya ajira ya mwenzetu Chapchap iko njiani, tumpigie makofi." Wakampigia. Waya naye alipiga, lakini alikuwa akiangalia viatu vyake. Chapchap alisema asante, na asante ile ilimchoma ulimi. Aliona haya hata kumtazama Waya, mtu ambaye alikuwa ameona kila kitu na kunyamaza kwa ajili yake.

Siku moja baada ya kikao, tiketi iliingia.

"Printa mbovu. Stoo."

Basi. Hakuna asubuhi, hakuna familia, hakuna mzee wenu.

"Loo, babu kajifunza!" alisema mwenzao wa tatu, ambaye hakujua lolote.

Chapchap aliitazama tiketi ile fupi mpaka herufi zikaanza kumchezea. Hivi ndivyo alivyotaka, si ndiyo? Alikuwa amemfundisha mtu mzima kuongea kama anayeogopa kupigwa. Sasa aibu ilimpata yenyewe, si ile ya kuhofia mkuu wala barua, na ilimpata mwili mzima. Akachukua begi la vifaa na kushuka ngazi, akipanga maneno njiani. Baba, nimekukosea. Ni mimi niliyeandika. Nisamehe. Aliyarudia mpaka akavuka karakana, midomo ikicheza, na fundi mmoja aliyekuwa chini ya gari akamuuliza anaongea na nani.

Dirishani pa stoo palikuwa na mafundi wa mabomba wamejipanga, wamenuna. Ndani, kati ya rafu za viungio na makasha ya mita, Mzee wa Stoo alikuwa ameinama akiandika hati kwa mkono, nakala tatu tatu kwa karatasi ya kaboni, vidole vimekuwa vya bluu. Ilikuwa wazi kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu siku ile tiketi ilipofungwa.

"Mzee, tutakesha hapa!" mmoja alifoka dirishani. "Wenzako wanatumia mashine!"

"Samahanini, wanangu. Ninakuja, ninakuja."

"Shikamoo, baba," alisema Chapchap mlangoni.

Mzee aliinuka haraka, mkono mmoja ukishika kiuno. "Marahaba." Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akalizuia. Akaonyesha kidole. "Printa ni ile."

Chapchap alipiga magoti mbele ya printa. Ubovu ulikuwa kwenye roli ya kuvutia karatasi, mpira wake umelika. Alikuwa nayo mpya begini, na kazi ikaisha kabla fundi wa pili hajapokea koki zake. Hati ya kwanza ikatoka ikiwa ya moto, na mafundi wakashangilia dirishani. Kazi ndogo namna ile! Alibaki amepiga magoti, akitafuta yale maneno.

"Baba," alisema. "Kuna jambo nataka—"

"Ngoja kwanza, mwanangu, nisije nikasahau." Mzee alishusha sauti ili walio dirishani wasisikie. "Nashukuru umekuja mwenyewe. Nilitaka nije huko juu kuwaomba radhi, nikaona nitawapotezea muda zaidi. Sisi tulilelewa kwamba humwombi mtu kitu kabla hujamjulia hali. Sikujua nyie mnahesabiwa saa. Kuna mwenzenu mmoja aliniandikia. Alikuwa mkali kidogo, lakini nilikuwa nimewachosha. Simjui ni nani. Wewe utakuwa unamjua."

Chapchap hakuweza kuinua uso. "Namjua."

"Basi nifikishie radhi zangu. Mwambie mzee wa stoo hana kinyongo naye, na hatamsumbua tena."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kukiri. Maneno alikuwa nayo, yamepangika tangu ngazini, na mzee alikuwa amesimama anamngoja, uso umejaa wasiwasi wa mtu asiyejua kama atasamehewa. Aliona barua iliyo njiani. Aliona mama yake na wateja wake. Aliona, zaidi ya yote, uso huo ulio mbele yake ukigeuka akishajua, na hilo ndilo lililomshinda.

"Nitamfikishia, baba," alisema. "Wala usijali. Ameshakusamehe."

Mzee alishusha pumzi. Akaupokea mkono wake kwa mikono yake miwili yenye wino, akaushika muda mrefu, akimshukuru.