Aliyefika wa Kwanza Mlimani

Kinyozi huyu watu walimwita Redio, na jina hilo alilipenda. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa na viti viwili na kioo kilichomeguka pembeni, na wateja wengine walikuja na nywele bado fupi, wakitaka tu kumsikiliza. Alikuwa na tumbo la mtu anayefanya kazi amesimama lakini haendi popote.

Mama mkwe wake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, vidole vikachujuka kwa sabuni, na jambo lililoweza kujibiwa kwa kutikisa kichwa hakulifungulia mdomo. Kati yake na mkwe wake kulikuwa na heshima tupu. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, basi.

Mwaka ule mke wa Redio, ambaye alikuwa fundi cherehani, alishikwa na tumbo ghafla. Akapasuliwa, akalala siku nyingi hajitambui. Kwenye benchi la nje ya wodi, mama akasema kwa sauti ndogo kwamba binti yake akiinuka, atakwenda kwa miguu yake hadi kanisa la mlimani, njia nzima, asipande chombo chochote. Redio alikuwa ameketi kando yake, macho mekundu kwa kukesha.

"Tutakwenda wote, mama," akasema. "Mimi na wewe, mguu kwa mguu."

Hakuna aliyemwomba. Na wakati anayasema hayo, aliyamaanisha.

Mke akainuka. Redio akanunua viatu vipya vya soli nene, akaviweka kwenye rafu chini ya kioo ili kila anayenyolewa avione. Hakuvivaa hata mara moja kabla ya safari, akiogopa kuvichafua.

Njia ya hija ile ni ya siku kadhaa. Mahujaji hutembea mchana, na jioni hulala kwenye madarasa ya shule na kumbi zilizoko njiani, huku gari dogo la mizigo likitangulia na mabegi yao. Siku ya kwanza Redio alikuwa mbele, akiwafundisha wenzake namna ya kupumua na namna ya kukanyaga. Siku ya pili akawa katikati. Jioni yake alivua viatu akiwa amejificha nyuma ya ubao wa darasa, akakuta visigino vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka na kushikana na soksi. Hakumwambia mtu. Angeanzaje, baada ya somo lote lile? Na kumtajia mama mkwe habari za miguu yake aliona ni kama kumvulia shati mbele yake.

Kulipokucha ilikuwa ni siku ya kupanda mlima wenyewe. Barabara ilikuwa ya changarawe, inajikunja kila mara, na kila kona ikiisha inaonekana nyingine juu yake. Mama alikuwa na raba zake kuukuu na mfuko wa kitambaa begani. Alitembea taratibu bila kusimama, kama mtu anayesukuma toroli la mashuka kwenye korido ndefu. Redio alichechemea nyuma yake, akijitia anatazama mandhari kila alipotaka kupumzika. Mwishowe akamwambia mama atangulie na kina mama wengine, yeye anafunga kamba za viatu, atawafikia sasa hivi. Mama akamtazama miguuni, akatikisa kichwa, akaenda.

Redio akakaa juu ya jiwe. Mahujaji wakampita mmoja mmoja mpaka barabara ikawa tupu. Hapo ndipo gari la mizigo, lililochelewa kuondoka siku hiyo, likaja likinguruma. Dereva akasimama bila kuulizwa.

Kupanda gari lile hakukuwa kosa. Wagonjwa na waliochoka walilipanda mchana kweupe, wakakaa mbele na dereva wakipiga soga. Redio hakukaa mbele. Alipanda nyuma, akajilaza katikati ya mabegi, akavua koti na kujifunika nalo.

Gari likawapita mahujaji. Alisikia nyimbo zao zikija na kubaki nyuma. Kwenye kona moja akainua ukingo wa koti kidogo, akamwona mama mkwe wake. Alikuwa amesimama kando ya barabara, hatua chache kutoka kwa wenzake, uso ameuelekeza chini kule walikotoka, mkono amekinga jua. Alikuwa karibu kiasi kwamba Redio angemwita bila kupaza sauti. Mdomo ule uliokuwa haupumziki asubuhi mpaka jioni haukufunguka. Akarudisha koti usoni.

Juu, kwenye ukumbi wa kanisa, akina mama wa kujitolea walikuwa wameandaa mabeseni ya maji ya vuguvugu. Redio alishuka gari likiwa bado nyuma ya jengo, akazunguka, akatokea mbele akichechemea. Wakampokea kwa vigelegele: wa kwanza huyo! Mama mmoja wa makamo akamkalisha, akamvua viatu, na alipoviona visigino akasikitika sana, akasema hawa ndio watu wanaotembea kwa imani.

Redio angeweza kusema hapo. Neno moja lingetosha. Badala yake akaanza kuwasimulia ule mlima, kona kwa kona.

Alikuwa bado anasimulia walipoingia wenzake wa kundi lao. Mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa ametembea na mama njia nzima, akashangaa kumkuta.

"Wewe uko hapa? Mama yako amerudi chini kukutafuta."

Akaeleza. Mama aligundua tangu jana kwamba mkwe wake ana vidonda na anaona haya kusema. Pale kwenye kona alingoja, akaona haji, akasema huenda ameanguka huko. Akaomba pamba na dawa ya vidonda kwa wenzake, akageuka.

Kabla Redio hajajibu, dereva akaingia na mabegi mawili begani na koti mkononi. "Bwana, hili koti lako. Umeliacha kule nyuma kwenye mizigo."

Hakusema kwa ubaya. Mwalimu akatazama pembeni. Yule mama wa beseni alikuwa ameshakausha mguu mmoja. Akauchukua wa pili, akaukausha vilevile, polepole, bila kuinua macho. Redio alitamani amtupie hata lile taulo usoni.

Dereva alisema angemfuata mama kwa gari. Mwalimu akamkumbusha kuwa mama hawezi kupanda, ana nadhiri. Redio akaazima kandambili, kwa sababu viatu havikuingia tena, akashuka kwa miguu. Kila aliyekuwa akipanda alimwuliza mbona anarudi, naye akamjibu kila mmoja kwamba anamfuata mama yake, akapita haraka.

Alimkuta mbali, chini kabisa, karibu na lile jiwe. Alikuwa akimwuliza mchunga ng'ombe kama hajaona mtu mnene aliyeumia. Kisha akageuka, akamwona mkwe wake anakuja kutoka juu. Akatazama kandambili. Akatazama miguu iliyooshwa.

"Mama, nisamehe," Redio akasema. "Nilipanda gari."

Mama akauliza, "Pale kwenye kona, uliniona?"

Angeweza kusema alikuwa amelala. Hilo pia lilimjia.

"Nilikuona."

Mama akatoa pamba na dawa mfukoni, akaviweka juu ya jiwe badala ya kumpa mkononi, akageuka kuanza kuupanda mlima upya. Redio akavichukua, akafuata. Alipoomba kumbebea mfuko, mama alikataa kwa kichwa. Pumzi ya mama ilikuwa imekuwa nzito, na mara mbili ilibidi asimame, jambo ambalo hakulifanya asubuhi. Kila aliposimama, Redio naye alisimama hatua chache nyuma.

Karibu na juu mama akaongea bila kugeuka.

"Binti yangu asijue."

"Mama, nataka nimweleze mwenyewe."

"Ili moyo wako utulie? Na wake je? Anaamini tumetembea wote kwa ajili yake."

Redio akaendelea kupanda nyuma yake. Kesho yake, kundi lilipokwenda kanisani, alitembea na kandambili, mkiani kabisa, na hakuna aliyemsema. Kanisani mama alipiga magoti muda mrefu. Yeye alikaa benchi la mlangoni.

Waliporudi nyumbani, mke alikuwa amewaita majirani. Akawakalisha mama yake na mumewe pamoja, akasimama katikati, bado amekonda, mkono mmoja tumboni palipopasuliwa.

"Hawa wawili," akawaambia majirani, "walitembea mlima mzima kwa ajili yangu."

Majirani wakapiga makofi. Mama akachukua kikombe chake cha chai, akakitazama ndani. Mke akamgeukia mumewe, akamwomba awasimulie.

"Mama ndiye aliyetembea," Redio akasema.

Wakacheka wote, wakadhani ni unyenyekevu.